Anga za Juu Hazitekwi Kama Ardhi

Mjadala wa kijeshi kuhusu anga za juu umejaa maneno ya kuteka na kutawala, na chimbuko lake ni Alfred Mahan, afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyefundisha mwaka 1890 kwamba taifa kubwa hukusanya manowari zake, humvunja adui kwa pambano moja, kisha bahari huwa yake. Naamini Mwingereza Julian Corbett anatufaa zaidi. Mwaka 1911 aliandika kwamba bahari haimilikiwi kama ardhi: kinachogombewa ni njia, na mara nyingi hakuna anayezidhibiti zote. Bahari ya Hindi inamuunga mkono. Wareno waliivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, wakatwaa Goa, Malaka na Hormuz, wakawalazimisha wafanyabiashara kununua hati za kupita. Lakini Aden, lango la Bahari ya Shamu, iliwashinda mwaka 1513, na pilipili ikaendelea kupita bahari hiyo. Huko juu nako kuna malango: masafa ya redio, vituo vya kurushia, na obiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana kutulia juu ya sehemu moja ya dunia. Mwaka 1976, huko Bogotá, Kenya, Uganda na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi zilizodai vipande vya obiti hiyo kuwa mali yao, ingawa mkataba wa kimataifa wa 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia anga za juu. Malalamiko yao, kwamba wenye teknolojia wangeijaza peke yao, yalikuwa ya haki, ila walidai umiliki pale walipopaswa kudai njia.

Wapo watakaosema setilaiti si jahazi. Ni kweli, na tofauti iliyo nzito kuliko zote ni hii: meli iliyopigwa huzama, njia ikabaki wazi. China ilipoilipua setilaiti yake ya hali ya hewa mwaka 2007, vipande zaidi ya 3,000 vinavyoweza kufuatiliwa vilitapakaa. Urusi iliporudia kitendo hicho Novemba 2021, wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga za juu, Warusi wakiwemo, walilazimika kujihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Pambano kubwa la Mahan lingemfungia njia hata mshindi.

Je, wenye nguvu watakubali kufungwa na sheria ya kulinda njia hizo? Uingereza ilikuwa na manowari nyingi kuliko wote iliporidhia Azimio la Paris la 1856, lililofuta vibali vya kupora meli za biashara, kwa sababu meli nyingi za kuporwa zilikuwa zake. Leo Marekani ndiyo yenye setilaiti nyingi zaidi, na mwaka 2022 iliahidi kuacha majaribio ya makombora ya kuzilipua. Desemba mwaka huo nchi 155 ziliunga mkono wito wa kuacha majaribio hayo katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. China na Urusi zilipinga. Kura hiyo haimfungi yeyote. Kenya, iliyorusha setilaiti yake Taifa-1 mwaka 2023 na isiyo na kombora la kuilinda, ina kila sababu ya kudai wito huo ugeuzwe kuwa mkataba.