Aliyetoa damu ana haki ya kujua matokeo

Katika kambi za wakimbizi wa vita, Kivu ya Kaskazini, watu wamezoea kuulizwa maswali. Anafika mtu na simu au karatasi: watoto ni wangapi, nani ana homa, maji yanatoka wapi, nani amechanjwa. Wengine wanapima damu. Kisha gari linaondoka, na mara nyingi hakuna anayerudi kueleza kilichopatikana.

Huko si kukosa adabu tu. Kunaweza kuua watu, na jimbo hili limekwisha kuona.

Ebola ilipotangazwa Agosti 2018, wakaaji wa Beni na Butembo waliona wageni wengi na magari mengi, huku mauaji ya raia yakiendelea bila wao kupata ulinzi. Desemba mwaka ule uchaguzi ukaahirishwa katika miji hiyo miwili, Ebola ikitajwa kuwa moja ya sababu. Watu wakaandamana, na kituo kimoja cha Ebola mjini Beni kikavamiwa. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vikachomwa moto. Hadi ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, Juni 2020, watu 2.287 walikuwa wamekufa.

Na bado ni watu wa eneo hilo hilo waliosaidia dunia. Kuanzia Novemba 2018, wagonjwa 681 wa Mangina, Beni, Katwa na Butembo waliingia katika utafiti wa dawa nne ulioitwa Pamoja Tulinde Maisha. Agosti 2019 ikajulikana kwamba dawa mbili zinaokoa wengi zaidi. Moja kati ya hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Ni damu ya Wakongomani, na ni ujasiri wa Wakongomani. Lakini ni familia ngapi za wale 681 zilizoketishwa chini na kuelezwa wazi kile ambacho ndugu yao alisaidia kugundua?

Huduma nazo ziliboreka pale familia ziliposikilizwa. Watu waliogopa kituo ambamo mgonjwa anaingia haonekani tena. Vyumba vyenye kuta za plastiki angavu vilipotumiwa, mama aliweza kumwona mtoto wake na kuzungumza naye. Waliopona waliajiriwa kulea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Mtu aliyepona aliaminiwa kuliko gari lenye bendera.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama aliyelala miezi mingi chini ya hema anajua kwa nini wagonjwa hawaendi kituoni: umbali, foleni, aibu, hofu ya kukosa siku ya kugawiwa chakula. Hayo hayaonekani katika darubini.

Kwa hiyo mambo matatu yanapaswa kuwa sheria kwa kila anayefanya utafiti au kuleta huduma mpya. Kwanza, kamati ya afya ya kila eneo, CODESA, iwape wakimbizi viti, wanawake wakiwemo, nao waulizwe kabla mpango haujaandikwa. Pili, maelezo yatolewe kwa lugha ambayo mtu anaisikia, Kiswahili, Kinande au Kihunde, na anayekataa asinyimwe matibabu wala chakula. Tatu, matokeo yarudishwe, hata kama dawa haikufaa. Familia zikiwa zimehamishwa, redio inaweza kuzifuata zilipo.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa dharura hakuna nafasi ya mikutano. Waulizwe kujenga upya kituo kilichoungua kunachukua siku ngapi, na mgonjwa aliyejificha nyumbani anaambukiza ndugu wangapi katika siku hizo.