Majina Ndani ya Wimbo

Keti siku moja karibu na redio, tangu asubuhi mpaka saa sita, na kalamu mkononi. Andika kila wimbo na kila tangazo. Utaona nyimbo ni zile zile saba ao nane, na kati yao bia, simu, sabuni, na bia tena. Vijana wanasema, “Redio inarudilia sana.” Ni kweli, lakini wamehesabu nusu tu. Hawakuhesabu matangazo yaliyo ndani ya wimbo wenyewe.

Kinshasa wanayaita mabanga, ni kusema mawe kwa Lingala. Mwimbaji anatupa jina la tajiri, tajiri analipa. Kuna nyimbo zenye majina makumi.

Wanamuziki kuimbia biashara si jambo jipya. Mwenda Jean-Bosco wa Likasi yetu (wakati ule Jadotville), yule Hugh Tracey alirekodi gitaa lake katika 1952, alikwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 akaimbia dawa ya Aspro. Edouard Masengo akaimbia Coca-Cola. Lakini watu walijua: hili ni tangazo, ule ni wimbo.

Mimi mwenyewe nilipeleka wimbo wa kwaya yetu kwenye redio moja. Kijana wa pale alinipokea vizuri. “Papa Pasta, wimbo ni muzuri. Lakini utaacha kitu kidogo ya mazuti.” Simlaumu sana, watangazaji wengi hawana mshahara wa kudumu, na mashine ya umeme haiendi kwa maombi. Niliacha dola kumi. Wiki nzima tulisikika asubuhi na magaribi, na nilifurahi, sitawaficha. Kisha pasta mwenzangu wa ng’ambo ya reli akaniuliza kwaya yao imekosa nini. Sikumjibu.

Mwezi uliopita kwaya wakarekodi wimbo mpya. Katikati ya sifa za Bwana nikasikia jina la mnunuzi mmoja wa madini, mara tatu! Nikamwita kiongozi wa vijana. “Pasta, ni yeye njo alilipa studio. Tungefanya namna gani?” Nilishindwa kumkaripia, juu ya zile dola kumi. Lakini baba za waimbaji wetu ni wachimbaji, na kila juma wanalalamika juu ya mizani ya mtu huyo. Sasa watoto wao wanamsifu kwa sauti nne.

Tulikaa, kwaya na wazee. Tutarekodi tena bila jina, kila nyumba itoe kidogo, na asante ya mnunuzi iende kwa barua. Mzee mmoja alikataa. Anasema bila jina lile hatutaona studio tena. Labda ana haki.

Na pasta wa ng’ambo ya reli, nilikwenda kwake nikamwambia yote. Alicheka, kisha akanyamaza. Juma hili tunakwenda redioni sisi wawili, kuomba saa moja ya kwaya zote, kila moja kwa zamu yake.