Ukurasa wa kwanza ni mlango



Mnajua sanduku letu la akiba lina kufuli 3, na funguo zinashikwa na wamama 3, ili pasiwe na mtu wa kulifungua peke yake. Tulipopata programu ya kuandika hesabu katika telefone, mama mwenye kushika daftari alifungua kitabu cha maelezo. Ukurasa wa kwanza ulimshukuru kwa kuchagua programu hiyo. Wa pili ulisifu kampuni. Wa tatu ulikuwa sheria, kwa Kifaransa cha mahakama. Akakifunga, akampa kijana wake telefone pamoja na nambari ya siri.

Kijana hakuharibu kitu. Lakini hesabu yetu ilikuwa imetoka mikononi mwetu, na mama aliyehesabu franka zetu miaka yote alianza kujiona mjinga. Tunasema wazi: kosa halikuwa lake.

Katika miaka ya 1980, huko Marekani, mtafiti John Carroll wa kampuni ya IBM aliwatazama watu wakijifunza programu za kuandikia. Aliona kwamba wengi wanaruka maneno ya utangulizi, maana wanataka kuanza kazi mara moja. Waliopewa kitabu kifupi, chenye kuwapeleka kazini upesi, walijifunza haraka kuliko wenye kitabu kinene.

Basi tulikaa, tukaandika ukurasa wetu wenyewe kwa Kiswahili:

Programu hii inaandika akiba, mikopo na malipo ya kikundi. Haishiki pesa wala haitumi pesa. Pesa zinabaki sandukuni.

Ukurasa huu ni wa mama mwenye daftari na wamama wenye funguo.

Kabla ya kuanza, uwe na telefone yenye umeme wa kutosha, daftari la zamani na nambari ya siri.

Kazi ya kwanza: andika jina la mama mmoja na akiba yake ya leo. Ukikosea, bonyeza Annuler kabla ya kuhifadhi.

Ukikwama, muulize mama katibu.

Ni hayo tu. Shukrani na sheria tuliziweka mwisho. Neno lililosaidia zaidi ni lile la pesa kubaki sandukuni, kwa sababu wamama wengi waliogopa kwamba wakibonyeza vibaya akiba itapotea, wala hawakuthubutu kuuliza.

Kisha tulimpa ukurasa huo mama mmoja mgeni kikundini, tukanyamaza, tukamtazama. Pale tulipokuwa tumeandika “ingia”, aliuliza: “Niingie wapi?” Tukafuta, tukaandika: “Bonyeza alama ya kijani.” Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliokwisha kuzoea tulikuwa tumesahau tulivyohangaika siku ya kwanza.

Siku ya mkutano uliofuata, mama wa daftari alirudi na telefone mkononi mwake. Alibadilisha nambari ya siri mbele yetu, akaandika akiba ya kila mmoja, na daftari likakubaliana na telefone.

Ninyi mnaoandikia wengine maelezo, ya programu au ya dawa ya shamba, jiulizeni kwanza: huyu anayesoma anaogopa nini, na mkono wake uanzie wapi? Mjibuni hayo kabla ya mengine yote.

Tuonane juma lijalo.