Barabara isiyo barabara

Kila mwaka, ninapowafunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la mkazo katika Kiswahili, hutumia mfano ambao hata mwalimu wangu aliutumia. Neno "barabara" likitiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, humaanisha njia kuu ipitiwayo na magari. Mkazo ukirudishwa hadi silabi ya tatu kutoka mwisho, neno hilo hilo humaanisha "sawasawa" au "ipasavyo". Herufi ni zile zile. Maana ni mbili.

Muhula huu mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, je, katika nchi hii kuna barabara iliyo barabara?" Darasa zima liliangua kicheko, nami nikacheka nao. Lakini nilipomtazama vyema, niliona viatu vyake vimetapakaa tope. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, naye huja chuoni kwa miguu kupitia barabara ile ile niipitayo mimi. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Barabara yenyewe ni ya mtaani tu, haina jina kubwa. Yachipuka kutoka barabara kuu ya Thika, upande wa Kahawa, ikaingia mitaani na kupita mbele ya shule ya msingi, soko, zahanati na makanisa mawili. Lami yake imebanduka kandokando, na pale lami iishiapo ndipo mtaro uanzapo. Baina ya viwili hivyo hapana nafasi hata ya kuweka kikapu. Aendaye kwa miguu ana hiari mbili: ama atembee juu ya lami akishindana na matatu na bodaboda, ama atembee ndani ya mtaro.

Miaka miwili iliyopita, mtoto wa jirani yangu aliichagua lami. Alikuwa akielekea shuleni asubuhi, kabla ya jua kuchomoza vizuri, akagongwa na gari hatua chache kutoka lango la shule. Twamshukuru Mungu kwamba yu hai. Hadi leo anatembea kwa gongo.

Kwa hivyo, mwezi uliopita tulipoitwa kwenye baraza na kuarifiwa kwamba barabara hiyo itatengenezwa upya, nilifurahi kama wakazi wengine. Mhandisi, kijana mwenye adabu, alitandaza mchoro mezani na kutueleza jinsi lami itakavyopanuliwa ili magari yapishane bila taabu. Nilimwuliza njia ya waendao kwa miguu i wapi. Akanijibu kwa upole kwamba itawekwa "nafasi ikibaki".

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Ninavyoona mimi, kosa kubwa la barabara zetu si mashimo, wala si uhaba wa lami. Kosa ni kwamba walio wengi hupangiwa mwisho, wakapewa makombo ya nafasi na makombo ya fedha. Kazi ya kuitengeneza barabara ya mtaa yafaa ianze kwa aendaye kwa miguu, ifuate kwa mwenye baiskeli, kisha imfikie mwenye gari.

Huenda msomaji akadhani nimeandika haya kwa wivu wa asiye na gari. La hasha. Mimi nina gari, ingawa ni kuukuu. Lakini asubuhi moja nilisimama kando ya barabara hiyo na wanafunzi wangu wawili, tukiwa na daftari lenye safu tatu: magari, baiskeli na miguu. Safu ya miguu ilijaa ukurasa kabla safu ya magari haijafika nusu. Wengi wao walikuwa watoto wenye mikoba mgongoni, kina mama waelekeao sokoni, na vibarua waliokuwa wakitembea ili kuokoa nauli. Hao ndio wenye barabara kwa haki ya hesabu. Hata hivyo, katika mchoro wa mhandisi hawakuwamo.

Tuyatazame pia matokeo ya mpango wa namna hiyo katika nchi nzima. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) zaonyesha kwamba kila mwaka, kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 waliuawa katika ajali za barabarani nchini Kenya. Takriban thuluthi moja yao walikuwa watu waliokuwa wakienda kwa miguu. Watu hao hawakuwa wamepanda chombo chochote. Hawakuendesha kwa kasi, wala hawakujaza abiria kupita kiasi.

Nikiwa mwanaisimu, siwezi kuacha kutaja jinsi lugha yetu inavyotusaidia kulifunika jambo hili. Sikilizeni taarifa za habari. "Gari lilipoteza mwelekeo likamgonga mtu." Gari limefanywa kuwa mtenda, kana kwamba lilikuwa na akili yake, naye dereva ametoweka katika sentensi. Au husemwa: "Aligongwa alipokuwa akivuka barabara." Hapa kitenzi kimetiwa katika hali ya kutendwa, mtenda hatajwi, na kosa pekee linalosikika ni la yule aliyethubutu kuvuka. Aliyeichora barabara bila kivuko hatajwi kabisa katika sarufi ya ajali. Walimu wenzangu wa Kiswahili, hili ni zoezi zuri la darasani: wapeni wanafunzi habari ya ajali, kisha waulizeni nani ametenda nini.

Wahenga walisema, "Mwenye nguvu mpishe." Ni methali ya busara mtu akutanapo na fahali njiani. Lakini haiwezi kuwa kanuni ya kujengea barabara za umma, kwa kuwa maana yake itakuwa kwamba mtoto wa Gredi ya Tatu ampishe dereva wa lori, na akishindwa kumpisha, shauri yake. Sheria ipo ili mwenye nguvu naye afundishwe kupisha.

Funzo halipo mbali nasi. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa kuanzia 2009, ikafunguliwa rasmi mwaka 2012. Hapana shaka kwamba ni kazi kubwa, na yeyote aliyekuwa akikwama pale Pangani zamani ataikumbuka tofauti. Lakini barabara hiyo ya mwendo wa kasi ilipitishwa katikati ya watu: Roysambu, Githurai, Kahawa. Wakazi walioizoea barabara ya zamani walijikuta wametengwa na soko lao kwa safu baada ya safu za magari. Wengi walikufa wakijaribu kuvuka, na baadhi ya madaraja ya kuwavusha yalikuja baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo ulijengwa kwa damu.

Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba hata daraja likijengwa, wananchi hawalitumii. Wanapenda kuvuka ovyo. Neno hili lina ukweli kiasi, lakini tujiulize sababu. Daraja humtaka mama mwenye kikapu kichwani apande ngazi nyingi na kushuka nyingine ili gari lisipunguze mwendo. Mwenye gongo au kiti cha magurudumu ataombaje njia pale penye ngazi tupu? Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Kwenye barabara kuu yenye njia nane daraja halina budi kuwapo, tena liwe na mteremko badala ya ngazi tu. Lakini kwenye barabara ya mtaa, anayepaswa kupunguza mwendo ni gari. Mtu asilazimishwe kupaa.

Hoja ya mwendo si ya huruma tu, bali ni ya sayansi. Wanafunzi wa fizikia wanajua kwamba nguvu za kitu kilicho katika mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa halina nguvu mara mbili ya lile linalokwenda kilomita 30. Lina nguvu mara nne. Sheria yetu ya trafiki yaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika miji na vituo vya biashara. Mbele ya lango la shule, hata hiyo ni kasi mno. Na bango peke yake halitoshi. Dereva hutii tuta kuliko anavyotii bango.

Basi nini kifanywe? Kwanza, kabla lami haijamwagwa, ipimwe njia ya miguu pande zote mbili, yenye upana wa mita 2 angalau, iliyoinuliwa juu ya lami na kutengwa kwa ukingo wa mawe. Mtaro ufunikwe, ili uwe sehemu ya njia badala ya kuwa shimo la kuvunjia miguu. Pili, wenye baiskeli wapewe njia yao, kwani wakiachwa kwenye lami watagongwa, na wakisukumwa kwenye njia ya miguu watagonga. Tatu, mbele ya shule, soko na zahanati viwekwe vivuko vilivyoinuliwa kama matuta mapana, na taa za kumulika usiku na alfajiri.

Nne, matatu zijengewe vituo kando ya barabara, zisisimame katikati kupakia. Tano, wachuuzi watengewe mahali pao. Kuwafukuza leo ili warudi kesho si mpango. Nao wakikosa pa kukaa, watatandaza nyanya zao juu ya njia ya miguu. Vilevile viwekwe vigingi vya kuzuia bodaboda na magari yanayotafuta pa kuegeshwa.

Najua nitaambiwa kwamba hakuna fedha. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti yake ya ujenzi wa barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Hata kama barabara fulani iko chini ya idara ya serikali kuu, kipimo hicho ni cha haki, tena si kikubwa ukilinganisha na idadi ya watu watakaonufaika. Na katika barabara ya mtaa, ukingo wa mawe, kifuniko cha mtaro na kivuko ni vitu vya gharama ndogo vikijengwa pamoja na lami. Vikiachwa hadi baadaye, lami itabomolewa ili viwekwe, nasi tutalipa mara mbili.

Wenye magari nao wasidhani kwamba wananyang'anywa. Barabara ambayo kila mtu ana mahali pake humfaa dereva pia. Hatakuwa akikanyaga breki kila mara mtoto anaporuka dimbwi, wala hatalala na mzigo wa moyoni kwa sababu ya mtu aliyetokea gizani pasipo na taa. Isitoshe, kila dereva akishaegesha gari lake huwa mtu wa miguu kama wengine.

Neno la mwisho ni kwa walimu na wanafunzi. Katiba, katika Ibara ya 10, imetaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya maadili ya taifa. Basi tusingoje kushirikishwa wakati kokoto zimekwisha kumwagwa. Shule iliyo kando ya barabara inayotengenezwa ichukue daftari, ihesabu wapitao kuanzia saa kumi na mbili unusu hadi saa moja unusu asubuhi, kisha mwalimu mkuu aipeleke hesabu hiyo barazani. Mhandisi huweza kuyapuuza malalamiko, lakini ni vigumu kupuuza hesabu. Sisi wa mtaa wetu tutaipeleka ya kwetu katika kikao kijacho, na mtoto yule wa gongo amesema atakuja na baba yake.

Neno "barabara" lenye maana ya "sawasawa" tulilipata kutoka Kiajemi, ambako "barābar" ni sawa kwa sawa, bega kwa bega. Sijamjibu bado mwanafunzi wangu. Natumaini kwamba kabla hajahitimu, ataweza kutembea kutoka nyumbani hadi chuoni na viatu safi, akalipate jibu chini ya nyayo zake.