HATI SI HISANI YA MKUBWA



Mchezo huu tunaujua. Mkubwa husimama jukwaani siku ya harambee, akawaruhusu watu wa dini kujenga. Shule ya mayatima huinuka. Mkubwa akianguka, mwingine huja na askari na tingatinga. Je, ahadi ya yule wa kwanza ina uzito gani mbele ya hakimu?

Haina. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Torino Enterprises, kwamba barua ya ugawaji pekee haimpi mtu umiliki. Mwaka huo huo, katika kesi ya Dina Management, ilisema hata hati haikingwi ikiwa chimbuko lake ni ugawaji haramu.

Kawangware, ambako viwanja vingi ni vya watu binafsi, aliyekaa waziwazi miaka 12 bila idhini ya mwenyewe anaweza kudai haki. Aliyekaribishwa hawezi: hisani yenyewe huliua dai lake. Kibera, ambako sehemu kubwa ya ardhi ni ya umma, hata mlango huo umefungwa. Julai 2018, matingatinga yalipoifungulia njia barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, shule hazikusazwa.

Tuwatazame Wanubi. Waliishi Kibera tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Walidai bila kuchoka, hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikawaunga mkono mwaka 2015. Hati waliipata mwaka 2017: ekari 288, katika eneo lililokuwa na zaidi ya ekari 4,000 mwaka 1918.

Wala hatuwafichi wenzetu wa dini. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 iliyataja makanisa, misikiti na mahekalu miongoni mwa walionufaika na ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria. Msalaba au mwezi juu ya paa hautakasi kiwanja cha wizi.

Kwa hiyo tunadai:

1. Ardhi ya huduma ya umma igawiwe hadharani, kwa jina la wadhamini waliosajiliwa, si kwa jina la mchungaji, imamu wala mbunge.

2. Pasiwe na uvunjaji bila ilani ya miezi mitatu, kama sheria ya mwaka 2016 inavyoagiza.

3. Mashirika ya dini yaifungue mikataba yao mbele ya waumini.

Tulipigania vyama vingi ili tuondokane na utawala wa hisani. Yatima asilale nje kwa sababu mlezi wake aliamini neno la mkubwa.