*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: RUBANI BILA DIGRII, NA KURA YA JUMAMOSI*



Wiki mbili sasa kundi letu halilali. Tangu Kamati ipokee ombi la kijana wetu anayetaka mkopo wa Mfuko wa Elimu wa Tawi akasomee urubani, watu wanarekodi sauti mpaka usiku wa manane, na wengine wametoka kwenye kundi kisha wakarudi. Kwa kuwa Jumamosi tunapiga kura, Kamati imeona iseme msimamo wake mapema na kwa maandishi, ili asiwepo wa kusema aliviziwa mkutanoni.

Jambo lenyewe ni dogo kwa maneno. Kanuni ya Mfuko inasema mkopo atapewa mtoto wa mwanachama mwenye barua ya udahili wa chuo kikuu au koleji. Kijana wetu hana barua hiyo. Amekubaliwa na shule ya urubani, na anaomba dola 6,000 ziongezee akiba aliyoiweka kwa miaka mitatu ya kupakia mizigo uwanja wa ndege. Mweka Hazina alifuata kanuni akamkatalia, na hakukosea. Kilichotusumbua ni hoja iliyofuata kundini: "Rubani gani hana digrii? Nani atamkabidhi ndege yenye watu 180?"

*Ndugu zetu, hapa Marekani sheria haimdai rubani digrii.* Mamlaka ya Usafiri wa Anga, FAA, inataka umri, afya, mitihani na saa za kuruka. Leseni ya kurusha ndege kwa malipo hupatikana kuanzia miaka 18, kwa saa 250 katika utaratibu wa kawaida. Anayetaka kukaa kwenye chumba cha marubani cha shirika la abiria anatakiwa kuwa na leseni ya juu zaidi, ambayo kwa kawaida ni saa 1,500 na umri wa miaka 23. Hakuna mahali palipoandikwa shahada.

Ni kweli kwamba mashirika makubwa yenyewe yalikuwa yakiidai. Wanaosema hivyo hawakuota. Delta ilikuwa nayo kama sharti mpaka Januari 2022 ilipoliondoa. Sasa inasema digrii ni nyongeza nzuri, basi. American, United na Southwest nayo hayaiweki kuwa sharti. United imefika mahali pa kuwa na shule yake ya urubani kule Goodyear, Arizona. Wenye ndege wameshauacha mlango wazi, sisi wa tawi ndio tumeushikilia kwa ndani.

Tunajua hofu hii inatoka wapi. Wengi wetu tulikulia nyumbani ambako cheti ndicho kilichomtoa mtu kijijini, na baba aliuza ng'ombe ili mtoto mmoja afike Mlimani. Hatuwezi kuidharau digrii, ndiyo iliyotufikisha hapa. (Wengine tunazo mbili na bado tunaendesha Uber, lakini hilo tuliache kwa leo.)

Wanaosema digrii ndiyo usalama tunawaomba wakumbuke ajali ya Colgan Air. Usiku wa Februari 12, 2009, ndege ya abiria ilianguka karibu na Buffalo, New York, ikaua watu wote 49 waliokuwamo na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Uchunguzi ulionyesha kwamba mitambo ilipoonya kuwa mwendo wa ndege umeshuka mno, kapteni alivuta usukani badala ya kuusukuma mbele, na ndege ikakosa kubebwa na hewa. Pia mjadala mkubwa ulizuka juu ya uchovu wa marubani na mishahara midogo iliyowafanya waishi mbali na kituo cha kazi. Familia za marehemu zilikwenda Bunge la Congress, hazikuchoka, mpaka sheria ikapita mwaka 2010. Kuanzia 2013 hata rubani msaidizi akatakiwa kuwa na leseni ya juu ya saa 1,500. Zamani saa 250 zilitosha.

Tunalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, baada ya msiba mzito namna ile, sheria ilipokazwa ilikaza saa na mafunzo. Haikumlazimisha rubani kuwa na shahada. Pili, marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya saa 1,500. Kwa hiyo hata saa si kinga kamili. Kinachomlinda abiria ni mazoezi sahihi yaliyorudiwa mpaka mkono ufanye lililo sawa hata roho ikiwa juu juu, na rubani aliyelala vizuri.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Digrii ina faida, na sheria yenyewe inaitambua. Mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa anaruhusiwa kuanza kama rubani msaidizi kwa saa 1,000, na wa digrii ya miaka miwili kwa saa 1,250. Lingine kubwa zaidi ni FAFSA. Fedha za msaada wa serikali kuu zinapitia vyuo vilivyosajiliwa kuzipokea, na shule nyingi za urubani hazimo. Anayekwenda shule ya urubani ya kawaida anakutana na gharama inayofika dola 100,000 kirahisi, na mkopo wa benki wenye riba isiyo na huruma. Ndiyo maana mtoto wa tajiri hahitaji Mfuko wetu, na huyu wetu anauhitaji.

Basi apate digrii kwanza, akaruke baadaye? Wapo wazee waliopendekeza hivyo kwa nia njema. Lakini katika mashirika ya hapa, tarehe uliyoajiriwa ndiyo inayotawala maisha yako yote ya kazi: ndege utakayorusha, njia, likizo ya Krismasi, lini utakuwa kapteni, na nani atapunguzwa kwanza mambo yakiharibika. Mwisho wa kurusha abiria katika mashirika hayo ni miaka 65, hauongezewi hata siku moja. Anayesoma kwanza miaka minne somo lisilohusu ndege, kwa sababu tu tawi lake limemlazimisha, anasimama nyuma ya wenzake wa miaka minne mpaka anastaafu.

Mzee wetu mmoja, ambaye hatutamtaja ingawa nyote mnaijua sauti yake, aliuliza swali lililotunyamazisha: je, moyo au macho yakimkataa akiwa na miaka 35, atashika nini mkononi? Swali hilo ni la kweli. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kikiondoka, kazi imeondoka. Hatuna jibu la kulimaliza. Tunachosema ni kwamba kijana anaweza kusoma digrii polepole kwa mtandao huku akikusanya saa kama mwalimu wa urubani, na tunamshauri afanye hivyo. Kumshauri na kumfungia mlango ni mambo mawili.

Sasa tuseme na lile linalotuuma. *Mwaka jana binti wa mwanachama aliomba mkopo akasomee ufundi wa ndege.* Leseni ya fundi wa ndege inatolewa na FAA ileile, nayo haidai digrii. Kanuni hiihii ikamkatalia, na sisi Kamati tukanyamaza kwa sababu hakupiga kelele. Leo anafanya zamu ya usiku ghala. Hatutaki kurudia.

Kamati inapendekeza maneno haya yaongezwe kwenye kanuni: "au shule ya mafunzo ya leseni ya kazi inayotambuliwa na mamlaka husika." Pamoja na hayo, mwombaji wa urubani alete cheti cha afya cha daraja la kwanza kabla ya senti kutoka. Na fedha zisilipwe kwa mkupuo. Februari 2008 shule ya Silver State Helicopters ilifunga ghafla ikaacha wanafunzi zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekopa makumi ya maelfu ya dola. Sisi tutalipa kwa hatua: sehemu akianza, sehemu akipata leseni ya kwanza, zilizobaki akifikia ile ya malipo.

Kuna waliouliza kundini kama atarudi nyumbani kurusha Dreamliner yetu. Ilipotua Dar es Salaam Julai 2018 tulishangilia humu mpaka simu zikaishiwa chaji, tunakumbuka. Leseni ya hapa na ya nyumbani zote zinafuata viwango vya kimataifa vya ICAO, na TCAA ina utaratibu wake wa kuitambua leseni ya nje. Njia ipo. Lakini tusimkopeshe kijana dola 6,000 kisha tukadai na maisha yake.

Mkutano ni Jumamosi saa kumi jioni kwa saa za Mashariki, kwa Zoom, na kiungo kitatumwa asubuhi. Kubadili kanuni kunahitaji theluthi mbili ya wanachama waliolipa ada ya mwaka. Aliye zamu kazini amtumie Katibu kura yake kwa maandishi kabla ya Ijumaa usiku. Sauti zilizorekodiwa hazitahesabiwa.

_Imetolewa na Kamati ya Uongozi ya Tawi. Ni kwa wanachama wa tawi pekee._