Kaka, usiuze ng'ombe kwanza

Mwezi uliopita kaka yangu alinipigia simu kutoka Tororo kuuliza bei ya siku. Mimi hubadilisha fedha hapa Busia, hatua chache kutoka lango la mpaka wa Kenya na Uganda, na swali hilo naulizwa kutwa. Lakini kaka ni mkulima na katekista. Shilingi za Kenya huzishika Krismasi tu, nikimtumia. Safari hii alitaka kujua milioni nane na laki nne za Uganda zinatoa ngapi za Kenya. Nikamwambia kwa bei ya 28 za Uganda kwa moja ya Kenya ni laki tatu kamili. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi zinatosha. Ng'ombe watano wataondoka."

Laki tatu ndiyo bei aliyotajiwa na hospitali moja ya kibinafsi Nairobi ili binti yake afanyiwe laparoskopi, ule upasuaji wa kuingiza kamera tumboni kupitia matundu madogo. Binti ana miaka 19. Kila mwezi, siku nne, hulala sakafuni juu ya simenti kwa sababu godoro linamchoma mgongo. Mwaka jana alizimia darasani mara mbili. Nilimwomba kaka asiuze ng'ombe kwanza, tuanzie hospitali ya serikali. Hakupenda hata kidogo. "Dada," akasema, "unataka mtoto akafie kwenye foleni?"

Foleni nazijua, za pande zote mbili za mpaka. Nina madaftari ya jalada gumu ninayoandikia biashara, kushoto shilingi za Kenya, kulia za Uganda, na tangu mwaka 2009 kurasa za nyuma ni za tumbo langu mwenyewe. Nikizipitia nahesabu kliniki tisa, zote za kibinafsi. Nilizipenda kwa sababu za kibiashara tu: unaingia saa nane, saa tisa umerudi kwenye meza yako. Serikalini siku nzima huisha, na wateja wako wa siku hiyo wanakuwa wa jirani.

Katika kliniki hizo nilitibiwa taifodi mara nne. Nikatibiwa vidonda vya tumbo. Zaidi ya yote nilitibiwa maambukizi ya njia ya uzazi, sindano na vidonge vya siku 14, mimi na mume wangu pamoja, hadi mume akaanza kuniangalia kwa jicho jingine, nami nikamwangalia vivyo hivyo. Altrasaundi nilipigwa saba. Zote saba zilisema hakuna kitu.

Endometriosisi ni nyama inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ila inaota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya mfuko wenyewe, juu ya utumbo. Siku za mwezi zikifika nayo huvimba na kuvuja damu, na damu hiyo haina pa kutokea. Altrasaundi inaweza kuona uvimbe uliojaa damu nzee kwenye ovari. Vidoa vilivyotapakaa juu ya utando wa tumbo mara nyingi haivioni, kwa hiyo picha safi si ushahidi kwamba mgonjwa anadeka. Hilo hakuna aliyeniambia. Kila kliniki mpya ilianza na picha mpya, maana picha ina bei yake ukutani. Kumkalisha mtu na kumuuliza maswali hakuna bei ukutani.

Aliyenikalisha nilimpata hospitali ya serikali, na nilifika huko kwa kuwa mfuko ulikuwa mtupu. Kliniki ya daktari wa wanawake ilikuwa siku moja tu kwa wiki. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, benchi likiwa fupi kuliko watu, tukawa tunasogea kwa makalio hadi saa saba. Daktari hakuzitazama karatasi zangu. Aliuliza maumivu yalianza nikiwa na umri gani. Kama nikienda haja kubwa siku za hedhi kunauma. Kama tendo la ndoa linauma, na linauma wapi, mlangoni au ndani kabisa. Kama mama au dada zangu walikuwa hivyo. Habari ya haja kubwa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na mimi nilikuwa nimeibeba tangu shule nikidhani ni aibu yangu peke yangu. Nililia pale kitini. Akaniambia jina la ugonjwa, akaniambia wanaougua ni kama mwanamke mmoja kwa kila kumi walio katika umri wa kuzaa, karibu milioni 190 duniani, na kwamba dawa ya kuanzia iko mlango wa pili mkono wa kushoto, bila malipo.

Mlango wa pili ulikuwa chumba cha uzazi wa mpango.

Sista alinipima presha kwanza, akaniuliza kama huwa naumwa kipandauso, kwa kuwa vidonge hivi havimfai kila mwanamke (kwa hiyo msiviombe kwa majirani). Kisha akanipa pakiti. Ilikuwa na vidonge 28: 21 vyeupe na saba vya kahawia. Akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya vile saba. "Hivi ni madini ya chuma tu," akasema. "Daktari ameandika uviruke, uunganishe na pakiti nyingine." Maana yake hedhi isije, na ile nyama isipate mwezi wa kuvimbia. Ambao hawapatani na vidonge wana sindano ya miezi mitatu, chumba hicho hicho, nayo bure.

Nilisimama koridoni nikipiga hesabu, ndiyo kazi yangu. Miaka sita ya kliniki, na dawa ya kwanza ilikuwa kwenye rafu ya serikali muda wote huo. Tena mara mbili nilishawahi kuona duka la dawa likiuza vidonge vyenye muhuri wa serikali ya Uganda usemao haviuzwi. Kwa hiyo hata ukikimbia hospitali ya serikali, huenda ukainunua dawa yake barabarani.

Nisidanganye mtu. Maumivu yangu hayakwisha, yalipungua hadi nikaweza kukaa kwenye meza yangu siku ya pili ya mwezi. Mtoto sikupata, na anayetafuta mtoto vidonge hivi havimsaidii, kwa sababu vinazuia mimba. Huyo anahitaji mtaalamu, na pengine kisu.

Nilipomweleza kaka habari ya mlango wa pili ndipo nilipoelewa ng'ombe walikuwa wanauzwa kwa sababu gani. "Binti yangu hajaolewa," akasema. "Akionekana ameketi pale, nitasimama vipi mbele ya watu Jumapili?" Foleni ilikuwa kisingizio. Milioni nane na laki nne zilikuwa bei ya pazia. Nadhani hata mimi kliniki zangu tisa nilizilipia pazia. Hospitali ya kibinafsi hakuna jirani anayekuuliza umeletwa na nini, na Busia na Tororo ni miji ambayo mwenye bodaboda aliyekupeleka asubuhi amekwisha kumwambia shemeji yako kabla ya saa sita.

Sikubishana naye juu ya dini; mimi si katekista. Nilikwenda kwa padre wa parokia yake. Padre akanionyesha waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, Humanae Vitae, ule ule unaokataza vidonge. Kifungu cha 15 kinasema Kanisa halioni haramu katika tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata ikifuatwa na kuzuia uzazi, mradi kuzuia huko siko kunakokusudiwa. Kaka amefundisha ubatizo miaka 20 na kifungu hicho hakuwa amekisoma. Wala mimi.

Lakini hofu ya kaka juu ya hospitali za serikali siiti upuuzi. Mgomo wa madaktari wa Kenya ulidumu siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na kutoka kwenye meza yangu niliwaona wagonjwa wakivushwa kwenda Uganda juu ya pikipiki, mmoja ameshikiliwa katikati ya wawili. Uganda iliondoa ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, lakini matibabu ya bure kwenye hospitali isiyo na dawa ni karatasi ya kwenda nayo dukani. Kamera ya laparoskopi ni adimu kwenye hospitali zetu za karibu. Ukihitaji kisu utapasuliwa tumbo wazi, au utaandikiwa barua ya kwenda mbali, Mbale au Kampala, Kisumu au Eldoret. Kenya sasa kuna SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Uganda haina bima ya afya ya taifa. Bima ya kaka ni zizi lake.

Hata hivyo, tofauti kati ya mlango wa serikali na ule wa kibinafsi ni ndogo kuliko tunavyodhani. Daktari aliyenisikiliza nilimkuta mwaka uliofuata, saa kumi na moja jioni, kwenye hospitali ya kibinafsi ng'ambo ya barabara, akili ile ile, miwani ile ile, kumwona ilikuwa shilingi 2,500. Ukitaka kumlipa ili usikae kwenye benchi, mlipe. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na mtu anayelipia picha ya nane.

Njambi Koikai, mtangazaji na mpenzi wa rege tuliyemjua kama Jahmby, alihangaika tangu usichana na ugonjwa huu uliokuwa umefika hadi kwenye mapafu, na alisimulia waziwazi miaka aliyopoteza kabla ya kuambiwa una jina gani. Wakenya walichanga, akaenda Atlanta, Marekani, mwaka 2018. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024. Wengi wanamtaja kama sababu ya kukimbilia hospitali kubwa. Mimi nikimkumbuka nafikiria ile miaka ya mwanzo, na swali la haja kubwa, ambalo nesi yeyote angeweza kumuuliza msichana wa kidato cha pili.

Kwa hiyo kama wakubwa wa Busia hizi mbili, ya Kenya na ya Uganda, na wa Tororo wananisoma, mashine siombi leo. Ningeanza na kibao cha mlangoni. Pale palipoandikwa "Uzazi wa Mpango" paandikwe "Afya ya Wanawake", ili msichana wa miaka 19 aingie bila baba yake kupoteza usingizi. Na sista wa pale apewe yale maswali manne au matano kwenye karatasi, pamoja na ruhusa ya kumwandikia mgonjwa rufaa siku hiyo hiyo. Rangi ya kibao naweza kuinunua mwenyewe.

Kwa wazazi wenye ng'ombe: iko siku ambayo hospitali ya kibinafsi ndiyo sahihi, na siku hiyo uliza kabla ya kulipa. Daktari amefanya upasuaji wa endometriosisi mara ngapi, si upasuaji wa tumbo kwa jumla? Atazikata nyama zile au atazichoma juu juu? Kipande kitapelekwa maabara? Laki tatu ni pamoja na kitanda na dawa ya usingizi, au hizo zinakuja baadaye? Tena ujue kwamba baada ya kisu, kama binti hatafuti mtoto, madaktari wengi humpa homoni ili ugonjwa usirudi upesi. Yaani ng'ombe watano wakishaondoka, atarudishwa mlango wa pili mkono wa kushoto.

Jumanne iliyopita tulikwenda hospitali ya serikali watatu, mimi, binti na kaka. Kaka alifika hadi getini, akasema atatungoja chini ya mwembe. Tulitoka saa nane na nusu. Binti alikuwa na pakiti tatu ndani ya kavera nyeusi, na karatasi ya kurudi baada ya miezi mitatu. Kaka akaomba aone. Akaichukua pakiti moja, akaigeuza juani, akahesabu vidonge kwa kucha ya kidole gumba kama mimi ninavyohesabu noti.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Bure, baba."

Hakusema kitu hadi tulipofika barabarani. Hapo akaniuliza tena bei ya siku. Nikamwambia imeshuka kidogo, na kwamba ikiisha miezi mitatu mtoto akiwa bado analala juu ya simenti, alete fedha za ng'ombe. Nitambadilishia bila kuchukua faida.